Mikono Mitatu

Vidole vilikuwa vitatu, vyote vya mkono wa kulia, na msumeno wa umeme ulivichukua kwa muda mfupi kuliko ule ambao mtu hutumia kupiga chafya. Karakana ilisimama nusu saa. Kisha msimamizi akamwaga unga wa mbao juu ya damu, akafagia, akawasha mashine, na vitanda vya watu vikaendelea kutengenezwa.

Aliyekatwa aliitwa Nusu Inchi. Jina hilo alilipata ujanani kwa sababu jicho lake halikuhitaji futi. Akikuambia ubao umezidi nusu inchi, pima mara tatu ukipenda, utakuta umezidi nusu inchi. Miaka kumi na minane alikuwa mkata mbao wa karakana ile. Mkewe alikuwa humo humo, upande wa nyuma, pamoja na wanawake wapiga msasa, wakilainisha kile ambacho wanaume wamekata. Kwa kuwa alikuwa mke wa mwenzao, mafundi wote walimwita Shemeji, na jina likamganda kama vumbi la mbao lilivyomganda kwenye nywele. Hata mtaani, watu wasio na undugu wowote na mumewe walimwita Shemeji.

Wiki ya saba baada ya ajali, Tajiri mwenye karakana aliwaita wote wawili ofisini. Kiti cha wageni kilikuwa kimoja. Nusu Inchi alikaa, mkono wake uliofungwa bandeji ukiwa mapajani kama kifurushi cha mtu mwingine alichoombwa amshikie. Shemeji alisimama nyuma yake na aproni yake ya kazi, akijaribu kutokukung'uta vumbi kwenye zulia.

Tajiri hakuwa mtu wa kufoka. Alisema amekuwa akilala na kuamka na habari ya fundi wake, kwamba karakana ni familia, na mtu hamtupi wa familia yake. Ndiyo maana amemtafutia kazi nyepesi ya kukaa getini, kufungua na kufunga. Mshahara hautakuwa ule wa zamani, nusu yake hivi, lakini ni wa uhakika. Akasukuma karatasi mezani. Ilikuwa imechapwa vizuri, na ilisema kwamba ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe, na kwamba mfanyakazi huyo hadai na hatadai chochote.

Shemeji aliisoma kupitia begani kwa mumewe. Kinga ya msumeno ule ilivunjika mwezi mzima kabla ya ajali. Yeye mwenyewe, kwa masikio yake, alimsikia mumewe akimwambia msimamizi mara mbili, na mara ya pili msimamizi alimjibu kwamba mikono ya kuogopa msumeno ikashone vitambaa.

"Sikulazimishi," Tajiri alisema. "Ukisaini, kesho unaanza getini. Usiposaini, mlango ule pale, na hakuna atakayekushika shati."

Nusu Inchi aligeuka akamtazama mkewe. Ilikuwa zamu ya Shemeji kusema, na neno lenyewe alikuwa nalo: kinga. Neno moja tu. Lakini alifikiria kodi ya vyumba viwili, na vidonge vya presha vya mama mkwe, na nafasi yake mwenyewe kule nyuma kwenye msasa ambayo nayo ilikuwa mkononi mwa mtu huyu huyu. Akainamisha macho.

Kwa kuwa Nusu Inchi hakuweza kushika kalamu, Tajiri alitoa kidau cha wino, akalishika dole gumba la mkono wa kushoto, akalichovya na kulikandamiza kwenye karatasi yeye mwenyewe, taratibu, kama anavyoshikwa mtoto mdogo akifundishwa kunawa. Kisha akampa kipande cha karatasi ya chooni ajifutie.

Shemeji alirudi kwenye msasa. Alipiga ubavu wa kabati mpaka mwenzake akamwambia basi, utautoboa.

*

Walikaa katika vyumba viwili vilivyotazama ua wa pamoja, nyumba ya kupanga yenye bomba moja na wapangaji watano. Mama mkwe, mama yake Nusu Inchi, alishinda kwenye mlango wa chumba cha mbele na miguu yake iliyovimba ameinyoosha juu ya ndoo iliyofunikwa, na hakuna kilichopita uani bila yeye kukitolea maoni.

Habari ya geti aliipokea kwa shukrani. Alisema mshahara ni mshahara, hata wa kuhesabu nzi. Ni wangapi wamekatwa miguu, wamekatwa mikono, na hawakupewa hata kiti cha kukalia?

Shemeji alikuwa akichambua mchele. Alisema bila kuinua kichwa, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, kwamba labda wangeweza kufungua karakana yao.

Mama mkwe akauliza nani atakata.

"Mimi."

"Wewe umewahi kukata nini zaidi ya vitunguu?"

"Nimemtazama miaka kumi na minne. Yeye atanielekeza. Jicho lake halikukatwa."

Mama mkwe alicheka, si kwa ubaya. Alisema nyumba ina watu wazima watatu, mmoja hana miguu, mmoja hana vidole, na wa tatu sasa hana akili. "Hesabu vizuri, mwanangu. Wewe na mumeo mna mikono mitatu. Mtu haachi mbachao kwa msala upitao. Huo msala wenyewe hata haujapita, umeuota tu."

Wote wawili wakamgeukia Nusu Inchi, kila mmoja akitegemea aungwe mkono. Alikuwa amekaa kitandani chumba cha ndani, mlango wazi. Alisema jambo moja tu: kwamba juzi jirani alikuwa akikata bomba la plastiki kwa msumeno mdogo wa mkono, na yeye alijikuta amesimama barabarani bila viatu, hajui ametokaje ndani. Kisha akajilaza akatazama ukuta.

Shemeji alirudi kwenye mchele wake. Aliyeumwa na nyoka, wahenga walisema, akiona ung'ongo hushtuka; na ni kweli. Lakini yeye hakuumwa na chochote, na bado hakuthubutu kuacha kazi. Alikuwa na hofu ya aina yake, ya mtu aliyelipwa kila mwisho wa mwezi maisha yake yote na asiyejua mwezi usio na mwisho unafananaje. Hakulizungumzia tena jambo lile kwa wiki nyingi.

*

Getini Nusu Inchi alipewa sare ya kijani iliyomzidi mabega, meza ndogo, na daftari ambalo hakuweza kuliandika vizuri kwa mkono wa kushoto. Mafundi aliowafundisha kushika randa walimpita asubuhi wakisema shikamoo fundi, na baada ya mwezi neno fundi likadondoka, ikabaki shikamoo, halafu ikabaki vipi. Mmoja alimtania kwamba sasa jina lake liwe Nusu Mkono. Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao, maana ukikaa getini huna pa kukimbilia.

Kisha makopo ya vanishi yakaanza kupungua stoo. Amri ikatoka kwamba kila mfanyakazi apekuliwe begi anapotoka, na wa kupekua ni mlinzi.

Siku za kwanza wanawake wa msasa walifanya mzaha, wakamwambia atie mkono taratibu kuna samaki anayeuma. Mkewe alipofika, Nusu Inchi alimpitisha tu. Alifanya hivyo siku nne. Siku ya tano msimamizi alikuja kusimama getini, mikono nyuma, akauliza kama Shemeji ni mfanyakazi kama wengine au ana geti lake.

Nusu Inchi akafungua begi la mkewe. Kulikuwa na bakuli la chakula, tupu. Kulikuwa na mtandio uliokunjwa. Na chini ya mtandio kulikuwa na kipande cha msasa, saizi ya kiganja, kilichotumika mpaka kikabaki karatasi. Kila mwanamke kule nyuma alichukua vipande kama hivyo kwenda kusugulia masufuria. Vilikuwa vya kutupwa, na vilitupwa kila jioni kwa gunia.

Shemeji aliona vidole vya mumewe vikikigusa. Aliona pia kwamba mumewe amejua kuwa yeye ameona. Msimamizi alikuwa hatua tatu nyuma, hakuweza kuona ndani ya begi. Ingetosha kukifunika kwa mtandio na kusema pita.

Mkono wa Nusu Inchi ulisita. Akageuza macho kwa msimamizi, akayarudisha kwa mkewe, na usoni mwake Shemeji alisoma kitu alichokifahamu vizuri mno, kwa sababu ndicho kilichokuwa usoni mwake mwenyewe siku ile ofisini alipoinamisha macho. Kisha akakitoa kile kipande, akakiweka mezani.

Msimamizi alikiinua kwa vidole viwili. Akasema mali ya kampuni haipimwi kwa ukubwa. Akamwambia Shemeji aombe msamaha, na aombe kwa sauti, ili na wa nyuma wasikie. Watu zaidi ya thelathini walikuwa kwenye foleni.

Shemeji aliomba msamaha, kwa sauti ya kutosha wa nyuma kusikia. Kisha akafungua kamba za aproni yake, akaikunja mara mbili kama anavyokunja shuka, akaiweka juu ya daftari mbele ya mumewe.

"Hii nayo ni mali ya kampuni," alisema. "Kesho msinipange kwenye foleni."

Akatoka. Nyuma yake alisikia geti likifungwa, na akajua nani anayelifunga.

*

Kwa siku mbili hakusema naye. Alimpakulia chakula, alimfunga vifungo vya sare asubuhi kwa kuwa mwenyewe hakuweza, lakini neno hakumpa. Siku ya tatu Nusu Inchi, akiwa amesimama akifungwa vifungo, alisema, "Niliogopa." Shemeji akamfunga kifungo cha juu kabisa, akamjibu kwamba anajua, kwamba hata yeye siku ile ya karatasi aliogopa, na kwa hiyo hawadaiani. Ndipo akalia kidogo, akaosha uso bombani, akaenda zahanati kumtafuta muuguzi.

Muuguzi ni yule aliyemsafisha Nusu Inchi kidonda wiki zote zile. Wakati wa kufungua bandeji alikuwa na desturi ya kuzungumza mambo mengine ili mgonjwa asitazame, na mara moja alizungumza juu ya mama yake, mzee asiyeweza kuinuka kitini bila kuegemea meza, na meza zenyewe zinayumba. Mafundi wawili walikwisha kula pesa yake ya awali wakapotea.

Shemeji alimwambia atamtengenezea meza.

"Wewe au mumeo?"

"Mimi. Yeye atanielekeza."

Muuguzi akachukua mkasi. Akasema hatatoa hata senti mpaka meza ifike na mama yake aiegemee, maana aliyeumwa mara mbili si mjinga, ila wa mara tatu ni mjinga. Isipoyumba, atalipa yote papo hapo. Akakata uzi wa kushonea vidonda, akaufunga fundo, akasema kimo cha meza kiwe hapa, kisizidi wala kisipungue, maana mikono ya mama haifiki chini zaidi.

Kwenye duka la mbao alijibiwa kwa heshima. Muuza mbao alisema anamheshimu sana Nusu Inchi, lakini mbao si nyanya, hawezi kumpimia fungu akalipa keshokutwa. Shemeji alijaribu kwa mwingine, na kwa mwingine. Wa tatu alimuuliza kama mume wake anajua yuko hapo.

Akarudi nyumbani na uzi wake. Ilikuwa asubuhi bado, uani kuna nguo za watu zimeanikwa, redio ya mtu inasema bei za mazao. Aliingia chumba cha ndani akakaa kitandani, na alipokaa ndipo akakiona.

Katika miaka kumi na minane, vitanda vilivyotoka mikononi mwa Nusu Inchi ni vingi kuliko nyumba za mtaa ule, na kati ya vyote hivyo kimoja tu kilibaki kwake. Alikitengeneza walipooana, kwa mti mgumu wa rangi ya damu ya mzee, viungo vyake vimeshikana kwa ndimi za mbao bila msumari hata mmoja. Kilikuwa na nguzo nne ndefu za kutundikia chandarua, nene chini, nyembamba juu. Nguzo nne: miguu minne. Mbavu mbili na ubao wa kichwani: uso wa meza. Alipima kwa uzi wa muuguzi. Zilitosha.

Alisimama na nyundo ya mbao mkononi. Alijiambia anywe maji kwanza; akanywa. Alijiambia aanue nguo kwanza, akaanua. Alikunja blanketi, akatoa godoro, akalisimamisha ukutani, na kitanda kilipobaki mifupa mitupu akakaa sakafuni kukitazama. Alifahamu kwamba akipiga pigo moja tu, hawezi tena kusema alikuwa anafikiria. Mpaka hapo, kazi ameacha kwa hasira, na hasira husamehewa. Angeweza kwenda kumlilia Tajiri kesho akarudishiwa aproni. Kitanda kilichovunjwa hakina wa kumlilia.

Mama mkwe alisikia pigo la kwanza akaita kuuliza nini hicho. Pigo la pili likamleta mwenyewe, akijishika ukuta. Aliona godoro, akaona nyundo.

"Mtu havunji kitanda chake akiwa hai," alisema.

"Tutalala chini, mama."

"Na mkishindwa?"

"Tutalala chini hivyo hivyo."

Kwa mara ya kwanza tangu Shemeji aolewe katika nyumba ile, mama mkwe alirudi kwenye mlango wake bila kutoa maoni.

Nusu Inchi aliporudi jioni alikuta nguzo zimepangwa uani kwa urefu, na godoro limelala sakafuni. Alisimama juu ya godoro lile na sare yake ya kijani. Shemeji alingoja kelele, na angeipokea, maana alijua amefanya jambo zito bila kuuliza. Hakupiga kelele. Alichuchumaa, akaokota ulimi mmoja wa mbao uliovunjika, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Ulipigia upande gani?" aliuliza.

"Wa ndani."

"Ungepigia wa nje usingevunjika," alisema, akauweka mfukoni, akaenda kunawa.

*

Msumeno wa mkono, randa na patasi vilikuwepo. Vilikuwa vyake Nusu Inchi tangu alipokuwa mwanafunzi wa kazi. Kilichokosekana ni jiriwa, chuma cha kubania mbao isitikisike. Shemeji alilaza nguzo ya kwanza juu ya stuli mbili, akaikanyaga kwa mguu, akaanza kukata. Mti mgumu ule uliurusha msumeno kama punda anavyorusha nzi. Watoto wa wapangaji wakaja kutazama, na mama zao wakaja kuwaita wakabaki wakitazama wao.

Mama mkwe alivumilia kwa saa moja. Kisha akauliza, kwa ukali, kama haoni kwamba mbao inataka uzito. Akaja akijikokota, akaikalia nguzo yeye mwenyewe, miguu yake minene ikining'inia, akasema haya, kata, na kama ukinikata mimi utaona. Kwa namna hiyo wakakata nguzo tatu kwa siku tatu. Hazikuwa nzuri, lakini zililingana na uzi. Jioni Nusu Inchi alikuja, akafumba jicho moja, akasema hii ina punje ya mchele zaidi huku, na Shemeji akaipiga randa mpaka akakubali. Lakini msumeno ukishikwa tu, hata kwa kusogezwa, yeye alitoka nje ya ua akaenda mbali.

Nguzo ya nne iliharibika. Mama mkwe alikuwa amekaa juu yake na kukata kumefika kati, ndipo kizunguzungu cha presha kikamshika, akainuka ghafla ashike ukuta. Mbao ikaruka, msumeno ukaenda upogo. Shemeji alimlaza kwanza mkwewe, akampa kidonge. Alipopima tena, nguzo ilikuwa pungufu ya uzi kwa vidole viwili. Alijisikia akilisema neno lile, vidole viwili, akashukuru kwamba mumewe alikuwa bado getini.

Uliosalia ulikuwa mti mmoja tu wenye unene ule, mhimili wa katikati uliobeba chaga za kitanda. Ungetosha mguu mmoja, bila ziada ya kukosea. Mama mkwe hangeweza tena kukalia kitu. Amelazwa na ameambiwa atulie. Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko ya Nusu Inchi. Shemeji aliulaza mhimili juu ya stuli, akachora mstari kwa penseli, akaunyoosha mguu aukanyage, akaurudisha chini.

Akakaa. Jua la saa tatu lilikuwa limejaa uani. Alifikiri juu ya muuguzi akisema wa mara tatu ni mjinga. Alifikiri juu ya msimamizi, ambaye bila shaka angesikia, maana mtaa hauna siri, na angesema aliyeiba msasa amekula kitanda chake. Aliwaza kwenda kuomba arudishiwe kazi, na wazo hilo likamjia na utamu wa aina fulani, kama usingizi unavyomjia mtu anayezama.

Nusu Inchi alikuwa mlangoni. Alikwisha kuvaa viatu vya kuondoka. Alitazama mhimili, akatazama mstari wa penseli, akauliza ameupima mara ngapi. Mara nne, akamjibu. Akauliza nani anashika. Hakuna, akamjibu.

Nusu Inchi akavua viatu, akaja upande wa pili wa stuli, akapiga goti. Mkono wa kulia, wenye gumba na kidole cha mwisho, aliuweka mbali, juu ya mti, akaulalia kwa kiwiko. Mkono wa kushoto, ule aliobaki nao, akauweka karibu na mstari, pale ambapo mbao hushikwa ikishikwa na mtu anayejua. Ulikuwa unatetemeka mpaka mti wenyewe ukawa unagonga stuli.

"Uondoe," Shemeji alisema. "Uweke huku."

"Huku haitashika."

"Nitakukata."

"Utanikata ukinitazama. Usitazame mkono wangu. Tazama mstari."

Jasho lilikuwa likimtiririka kidevuni, na midomo yake ilikuwa imepoteza rangi. Shemeji aliweka meno ya msumeno juu ya penseli. Hakukata. Alingoja. Mpangaji mmoja akaizima redio. Mti uligonga stuli, ukagonga, ukapunguza kugonga, na ulipotulia kwa muda wa pumzi moja akavuta mvuto wa kwanza, mrefu, taratibu. Nusu Inchi alitoa sauti kooni kama mtu anayeng'olewa jino. Mkono haukuondoka.

"Endelea," alisema, macho ameyafumba. "Usisimame katikati. Endelea."

Akaendelea.

*

Mama wa muuguzi aliegemea meza kwa mikono yote miwili, kisha kwa uzito wote, kisha akaitikisa kwa makusudi kama mtu anayetafuta ugomvi. Haikuyumba. Muuguzi akalipa papo hapo, na pesa ile haikurudi nyumbani. Ilipita dukani ikageuka mbao. Muuza mbao alihesabu noti, akasema alijua tu.

Wao waliendelea kulala chini. Mvua zilipoanza maji yaliingia chini ya mlango, godoro likashika ukungu, na Shemeji akapata kikohozi kisichosikia dawa. Kulikuwa na miezi miwili bila oda hata moja, ambapo waliishi kwa mshahara wa getini na mama mkwe akapunguza vidonge vyake kuwa nusu bila kumwambia mtu. Walikuja kujua walipomkuta ameanguka bombani. Hakufa, ila upande mmoja wa mdomo haukurudi mahali pake, na maoni yake tangu siku hiyo yalihitaji mtu wa kuyasikiliza kwa makini. Oda ya tatu ilirudishwa, kabati lenye mlango usiofunga. Ya nne ilikuwa madawati sita ya shule, na hayo hayakurudi.

Kwenye madawati ndipo Tajiri aliposikia. Alimwita Nusu Inchi ofisini, akazungumza naye kwa upole kama kawaida, akamkalisha. Alisema mtu hawezi kulinda nyumba hii huku anajenga nyingine ya kuipinga. Achague. Mkewe aache, yeye abaki na geti lake mpaka uzeeni, au basi. Nusu Inchi aliomba afikirie mpaka kesho. Akarudi getini, akafungua na kufunga mpaka saa sita, watu walipotoka kwenda kula. Wakati wa kuwapekua hakumpekua mtu. Akavua sare, na kwa kuwa vifungo vilimshinda aliitolea kichwani, kikatika kimoja, akaiacha juu ya daftari.

Alifika nyumbani na fulana. Shemeji alikuwa uani, ameinama juu ya ubao, na mtu wa kumshikia siku hiyo hakuwapo. Alimwona mumewe saa ile isiyo yake, bila sare. Uso wa mumewe ulikuwa umejaa hofu ile ile ya siku zote, na wake mwenyewe pia, maana kuanzia mchana ule hakukuwa tena na mwisho wa mwezi.

Nusu Inchi akapiga goti upande wa pili, akaweka mkono. Ukaanza kutetemeka, kama ulivyotetemeka kila siku aliyoushika ubao tangu ile ya kwanza, na kama ulivyokuja kutetemeka miaka yote iliyofuata, hata walipopata banda lao na jiriwa mbili za chuma. Shemeji aliweka msumeno juu ya mstari. Akasubiri utulie, kisha akavuta.